Kulala jangwani Oman na kukaa na Mabedui wa Wahiba: wenye ujuzi tuelekezeni

#1 Msafiri_Wete

Assalaam alaykum nyote. Tuko wanne, mume na mke mara mbili, tunatoka Wete mwishoni mwa Disemba kwenda Oman kwa siku kumi. Maskati na Nizwa taarifa tunazo. Tunachokosa ni jangwa. Tunataka kulala siku mbili kwenye mchanga wa Wahiba, na zaidi ya kulala tunataka kuwajua wenyeji wa huko, tukae nao tuzungumze. Kupanda ngamia dakika tano na kupiga picha hakutoshi. Naomba mambo matatu: matayarisho, gari kwenye mchanga, na adabu za kuingia kwa Bedui. Andikeni kwa urefu, tutachapisha tuchukue mkononi.

#2 Nahodha_Nchikavu

Waalaykum salaam. Yakhe, wakati mmeuchagua vizuri. Jangwa la Oman ni la kuendewa kuanzia Novemba mpaka mwanzo wa Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 45, na hata Mabedui wenyewe wengi wao huhama mchanga wakasogea kwenye mitende ya Bidiya, ukingoni mwa mchanga, wakati wa mavuno ya tende. Disemba wako ndani, na mifugo yao iko ndani.

Matayarisho kwa ufupi, maana haya yana majibu mafupi.

Viza huombwa kwa mtandao, kwenye ukurasa wa Polisi ya Oman. Aina ya viza na masharti hutegemea pasipoti, na hubadilika, kwa hivyo someni ukurasa wenyewe kabla ya kulipia tiketi. Msitegemee maneno ya mtu aliyekwenda mwaka juzi. Chukueni kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, basi asiyekuwa nayo asingoje wiki ya safari.

Dawa: ukitumia dawa kali za maumivu kama tramadoli au zenye kodini, usizibebe bila cheti cha daktari, na ziwe kwenye pakiti yake. Mirungi ni marufuku kabisa kule.

Fedha: shilingi yetu haibadilishiki kirahisi, chukueni dola. Riali moja ina baisa 1000, na tangu 1986 imefungwa kwenye dola kwa takriban 2.6. Hapa watu huumia. Unaona bei "3", moyo unakuambia rahisi, kumbe ni karibu dola nane. Na ukiona "500" kwenye kibandiko, hiyo ni baisa, yaani nusu riali.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja ni kama saa tano. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja. Plagi ni zilezile za pini tatu za mraba. Siku za mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo shughuli yoyote ya ofisi iwekeni Jumapili hadi Alkhamisi.

Na baridi, msiidharau. Usiku wa Disemba mchangani unaweza kushuka mpaka nyuzi 10 hivi. Sisi wa Pemba hatujui nyuzi 10. Sweta nzito, soksi, na kitu cha kufunika masikio. Kambi hutoa mablanketi, lakini baridi hukukuta nje ya blanketi, alfajiri unapotoka kutawadha.

#3 Kigoma_cha_Mbao

Naongeza la barabara kabla hatujafika kwenye mchanga, kwa sababu wengi huharibikiwa kwenye lami.

Wenzetu wanaendesha kulia. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, usukani uko kulia na kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia. Gari za kule usukani kushoto, indiketa kushoto. Siku mbili za mwanzo kila ukitaka kukata kona utawasha waipa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwenye mzunguko: kule gari zinazunguka kinyume na kwetu, na mwenye haki ya kupita anatoka kushoto kwako. Jicho letu limezoea kuangalia kulia kwanza. Anayekaa kiti cha mbele awe na kazi moja, aseme "kushoto" kila mnapokaribia mzunguko. Hata mnapovuka barabara kwa miguu, tazameni kushoto kwanza.

Kamera za mwendo ni nyingi. Usiku msisafiri barabara za tambarare nje ya miji, kwa ajili ya ngamia. Ngamia ana miguu mirefu, gari ikimgonga huchukua miguu tu, kiwiliwili chote kinakuja juu ya kioo cha mbele na paa. Ndiyo maana ajali ya ngamia huua watu wa viti vya mbele.

Kutoka Maskati mpaka Al Mintarib, mji wa Bidiya unaoingilia Wahiba, ni kama kilomita 220, mnapitia Bidbid na Ibra. Barabara nzuri, saa mbili na nusu bila haraka. Namba ya dharura nchi nzima ni 9999.

#4 Nahodha_Nchikavu

Sasa mchanga. Nitakwenda polepole hapa.

Kwanza mjue umbo la Wahiba, siku hizi kwa jina rasmi Rimal al Sharqiya. Ni kama kilomita za mraba 12,500, karibu mara tano ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Upande wa kaskazini, mtakakoingilia, mchanga umekaa kwa migongo mirefu inayokwenda kaskazini hadi kusini, mingine inafika mita 100 kwenda juu, na baina ya mgongo na mgongo kuna bonde. Mkifuata bonde, njia ni nyepesi. Mkitaka kukatiza kutoka bonde hili kwenda la pili, yaani kupanda mgongo, hapo ndipo penye kazi.

Mtu wa pwani ana kosa lake maalumu. Sisi tunajua mchanga wa ufukweni: maji yakitoka, mchanga mbichi unakaza, baiskeli inapita. Mchanga wa jangwa ni mkavu mpaka ndani, punje hazishikani. Asubuhi mapema una ubaridi na unyevu kidogo, unabeba. Ikifika saa saba mchana umekauka na kuwa kama unga. Kilima kilichopandika saa mbili asubuhi kinaweza kukukataa saa nane.

Upepo wa tairi ndio kila kitu. Barabarani gari ya fowili huwa na upepo wa 32 mpaka 36 (psi). Kabla ya kuacha lami shusheni mpaka 18, na mchanga ukiwa laini sana mpaka 15. Mafundi wa tairi pale Al Mintarib kazi hii wanaifanya kila siku, lakini muwe na geji yenu. Sababu ni hii: mtazameni ngamia anapokanyaga. Wayo wake ni mpana na laini, anapoweka uzito unatanuka, hauzami. Tairi lililopunguzwa upepo linafanya hivyohivyo, unyayo wake unarefuka na uzito wa gari unatandazwa. Tairi lililojaa ni kama kwato ya mbuzi, linachimba.

Chini ya 10 msishuke, isipokuwa gari imekwama na inatolewa taratibu, maana tairi huweza kuchomoka kwenye rimu mkikata kona. Na mkirudi kwenye lami, jazeni kabla ya kuongeza mwendo. Tairi laini likienda kasi kwenye lami, ubavu wake unapindapinda, unapata moto, na linapasuka.

Kuendesha: tia fowili ya chini, zima ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze, kwa sababu unakata nguvu ya injini pale unapoihitaji. Nenda kwa mwendo mmoja, usibadilishe gia katikati ya mpando. Breki usiikanyage. Ondoa mguu kwenye mafuta, gari itasimama yenyewe. Ukifunga breki, magurudumu yanasukuma mchanga mbele yake na kujijengea ukuta, na ukitaka kuondoka ukuta huo ndio unaokuzuia. Simama kwenye mteremko, pua ya gari ikitazama chini.

Kila kilima kina pande mbili. Upande unaopigwa na upepo ni mlalo na mgumu kidogo. Upande wa pili ni mkali, nyuzi 32 hadi 34, mchanga wake umemwagika tu haujakaa. Panda na teremka kwa kunyooka. Usikate ubavuni, gari itabingirika. Ukiwa unateremka na nyuma ikaanza kuvuta pembeni, elekeza usukani chini ya mlima na kanyaga mafuta kidogo, itanyooka. Wengi hufunga breki hapo, na ndipo gari inapolala.

Kileleni punguza mafuta kabla ya kuvuka. Huoni kilichoko upande wa pili. Mtu mmoja ashuke, apande kwa miguu, aangalie.

#5 Msafiri_Wete

Maashaallah, hii ndiyo niliyoitaka. Na ikikwama?

#6 Nahodha_Nchikavu

Ikikwama, mguu utoke kwenye mafuta papo hapo. Ukiendelea kuzungusha magurudumu, kila sekunde gari inashuka, mpaka difu na tumbo vinakaa juu ya mchanga na magurudumu yananing'inia. Baada ya hapo hakuna nguvu ya injini itakayosaidia.

Shukeni wote. Chimbeni mchanga mbele na nyuma ya kila gurudumu, tena chini ya tumbo, mpaka muone mwanga unapita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Shusheni upepo mpaka 12. Kisha jaribuni kurudi nyuma kwa alama zenu zilezile, kwa sababu mchanga huo umeshakandamizwa. Kama haitoki, wekeni vibao au mazulia ya sakafu ya gari mbele ya magurudumu na mtu asisimame nyuma, yanaruka kama jiwe. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano ya chasisi, si kwenye bampa na kamwe si kwenye mpira wa trela, ule ukikatika unakwenda kama risasi.

Vifaa kwa gari moja: koleo mbili, geji, kimashine cha kujazia upepo kinachoshikwa kwenye betri (cha kwenye soketi ya sigara hakitoshi kwa tairi kubwa), kamba ya kuvutia na shakili mbili (pete za chuma za kufungia kamba), ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, maji lita 5 kwa mtu kwa siku, na ya akiba siku moja zaidi. Na gari ziwe mbili. Gari moja peke yake isiingie ndani.

Baada ya kusema yote hayo, ushauri wangu kwenu: msiendeshe wenyewe. Mikataba mingi ya kukodi gari haikubali gari iingie mchangani, na bima hailipi. Kodisheni gari ndogo ya kawaida, iacheni Al Wasil au Al Mintarib, dereva wa kambi aje kuwachukua. Mkiyajua niliyoyaandika mtajua kama dereva wenu anajua kazi. Asiyeshusha upepo wa tairi kabla ya kuingia, mwambieni kwa upole ashushe.

#7 Bi_Udi

Kaka zangu mmezungumza vyuma vizuri. Niingie kwa watu.

Mzanzibari akifika Oman anaona haluwa, ananusa udi, anasikia Kiswahili sokoni, anajiona yuko kwao. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu mengi yanafanana kwa jina na kutofautiana kwa adabu. Chukueni kahawa. Kwetu kahawa ni ya barazani, unakaa, unalipa, unakunywa na kashata, unaongea siasa. Kule kahawa ni mkataba wa mgeni na mwenyeji. Kahawa yao ni nyepesi rangi, ina hiliki, haina sukari. Utamu unatoka kwenye tende, na tende huja kwanza, au haluwa na matunda.

Anayemimina husimama. Dele liko mkono wa kushoto, kifinjani mkono wa kulia. Anatia kidogo tu, chini ya nusu. Msione ni uchoyo. Ni ili kahawa isipoe na apate kukumiminia tena. Kikijazwa mpaka juu, hapo ndipo pa kujiuliza. Pokeeni kwa mkono wa kulia, hata anayetumia kushoto kwa kila kitu. Kimoja msikatae, vitatu msipite. Ukitosheka, tikisa kifinjani mara mbili tatu kwa kifundo cha mkono, ndipo urudishe. Ukikirudisha bila kutikisa atajaza, na atajaza, na wewe utaona anakulazimisha kumbe unamwambia endelea. Kokwa za tende zishikwe mkononi kisha ziwekwe kwenye kisahani, zisitupwe mchangani.

Mnavyoikaribia hema au kibanda: dereva apunguze mwendo mapema ili vumbi lisiwaingilie, asimamishe gari mbali kidogo, na asitokee kwa nyuma, ambako ndiko wanawake wanakopikia. Shukeni, toeni salamu kwa sauti, mngoje. Kama mwanamme hayupo, mwanamke anaweza kukukaribisheni mwenyewe, Mabedui wa Wahiba wanawake wao hawajifichi kwa mgeni kama watu wa mijini. Lakini wanaume wenu wasinyooshe mkono kumpa. Akinyoosha yeye, mpeni.

Kisha zinakuja habari. Huu ni utamaduni, usiharakishwe. Watauliza hali, watauliza ya nyumbani, ya njiani, tena "ulum?", yaani habari. Jibu la kwanza siku zote ni kuwa hakuna ila kheri, hata kama gari imekwama saa tatu. Shida husemwa baadaye, kahawa ikishanywewa. Nanyi waulizeni wao: mvua, malisho, ngamia, watoto. Mvua ni swali zuri kuliko yote kule. Msiulize mtu ana ngamia wangapi. Ni kama kumuuliza mtu wa Wete ana mikarafuu mingapi na amepata kiasi gani msimu huu.

#8 Zulekha_M

Bi Udi, na sisi wanawake? Tutakaa wapi?

#9 Bi_Udi

Mwanangu, nyinyi ndio mtakaofaidi. Wanaume wenu watabaki upande wa wageni, nyinyi mtaingizwa ndani. Huko ndiko ufumaji uliko: singa za mbuzi na sufi ya kondoo, zinafumwa juu ya kitanda cha kufumia kilicholazwa chini mchangani, mikanda myembamba ya kupamba ngamia, mito, mifuko. Mtu akikuonyesha jinsi anavyopitisha uzi, kaa chini umtazame. Na ukitaka kununua, nunua hapo. Bei yao si ya kushindaniwa kama ya sokoni.

Mtaona wakubwa wao wamevaa barakoa ngumu, inaitwa burka, inaacha macho. Si baibui wala nikabu ya kwetu, ni vazi la kabila na la heshima. Msiiguse, msiombe kuijaribu kabla hajakupa mwenyewe. Picha za wanawake hakuna kabisa, hata kwa siri, hata za mikono na hina, mpaka aseme ndiyo.

Nguo: baibui la kila siku linatosha, lakini lisiwe la kuburura, litajaa mchanga. Chini vaa viatu vya kufunika, hasa usiku. Kuna nge, na kuna nyoka wa mchangani anayejifukia akabakisha macho. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kanga mbili zichukue, moja ya kujifunika na upepo na moja ya kukalia.

Na kwa kuwa mko na wanawake, ratiba yenu iwekeni hivi: lala jangwani Jumatatu na Jumanne. Jumatano asubuhi nendeni Ibra, kuna soko la wanawake siku hiyo, wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, wanaume wangoje garini. Wahini, kufika saa tano limeshaanza kuvunjika. Alkhamisi Sinaw, soko wanalotoka Mabedui wenyewe kuja kuuza na kununua. Ijumaa saa moja asubuhi muwe Nizwa kwenye mnada wa mbuzi, wauzaji wanazungusha mbuzi zao kwenye duara na wanunuzi wamekaa pande zote. Huisha kabla ya sala. Siku tatu, masoko matatu, na yote mnayapitia kwa mzunguko mkirudi Maskati.

#10 Maalim_wa_Mtambwe

Naomba niweke la ibada, halijatajwa.

Kwetu kibla ni kaskazini, mpaka neno lenyewe tunalitumia kwa kaskazini. Makka iko juu yetu moja kwa moja. Oman Makka iko magharibi. Mtu wa Pemba jangwani, bila msikiti wala mihrabu, mwili wake unajielekeza kaskazini kwa mazoea ya maisha yote. Basi kumbukeni: elekeeni magharibi, na Disemba hiyo ni kulia kidogo ya pale jua linapozama.

Wenyeji wengi wa bara la Oman ni Ibadhi. Mnapowafuata kwenye jamaa mtaona mikono haifungwi, inaachwa pembeni, "Amin" haitamkwi baada ya Fatiha, na alfajiri hakuna kunuti. Sisi Mashafii tumezoea kunuti, ukiikosa unaona sala imepungua. Mfuate imamu, usiifanye mada ya mazungumzo. Misikiti ya Ibadhi tunayo hata Unguja, si jambo geni.

Jambo la pili ni zito zaidi. Watu wa Ibra, Bidiya na Mudhaibi wengi wana jamaa waliozaliwa Unguja na Pemba. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliondoka na kilichowapata nyumba zao zinakijua. Baada ya Sultani Qaboos kushika nchi tarehe 23 Julai 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi, na waliotoka kwetu wakaingia kwenye skuli, ofisi na hospitali za nchi iliyokuwa inaanza. Ndiyo maana mtamsikia mzee wa miaka 75 anasema Kiswahili cha Mji Mkongwe ambacho vijana wetu wamekiacha. Msalimieni "shikamoo", atafurahi. Lakini 1964 msiianze nyinyi. Msiulize ardhi, nyumba wala nani alifanya nini. Mzee akianza mwenyewe, sikilizeni mpaka amalize, msibishane tarehe. Na neno "Mmanga", tunalomwitia Mwarabu wa Oman, liacheni Pemba. Kwetu tunalitaja bila kufikiri, kama tunavyosema pilipili manga, lakini sikioni mwake lina dharau ya zamani.

Bedui wa mchangani huyu si huyo mzee. Wengi wao hawana uhusiano na Zanzibar, Kiswahili hawakijui, na Kiarabu chao ni cha kwao. Kiarabu cha chuoni kitafika kwenye salamu na dua. Semeni polepole, wataelewa.

#11 Daktari_Kisiwani

Maji, kwa sababu joto la kule linamdanganya mtu wa kisiwani. Kwetu hewa ina unyevu, ukitoka jasho kanzu inakuganda mgongoni na unajua. Jangwani jasho hukauka kabla hujaliona. Dalili utaiona kwenye nguo: michirizi myeupe ya chumvi kwapani na shingoni. Ukiiona umeshachelewa. Kunywa kila nusu saa, usingoje kiu. Mkojo ukiwa rangi ya chai, ongeza. Pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, zilezile za watoto wanaoharisha, chukueni kumi. Pakiti moja kwenye lita moja, si kwenye glasi.

Mtu akiacha kutoka jasho huku ngozi ni ya moto na maneno yake hayaeleweki, hilo si la kungoja jioni. Kivulini, vua nguo za juu, lowesha shingo, kwapa na mapaja, pepea, na gari iondoke.

Disemba haya ni nadra, lakini mtembeo wa saa mbili mchana kwenye vilima unatosha.

#12 Kigoma_cha_Mbao

Mawili ambayo watu hawayaoni kwa macho.

Wadi, yaani bonde kavu la maji. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali na nyinyi mko kwenye jua, maji yakaja kama ukuta. Msipige kambi ndani ya wadi. Mkikuta maji yanakatiza barabara, simameni upande wenu mpaka yashuke, hata yakionekana ya goti. Kuyavuka kwa gari ni kosa kisheria, na maji yasiyofika kwenye mlango yanatosha kuifanya gari ielee.

Sabkha, uwanda wa chumvi. Juu pamekauka na kupasuka kama udongo wa bwawa la chumvi, mtu anatembea, gari inazama mpaka madirishani. Mkubwa kuliko yote ni Umm as Samim, ukingoni mwa jangwa kubwa la Rub al Khali. Nyinyi hamtafika huko, ila vipande vidogo vya namna hiyo viko pwani pia. Msikatize njia mpya penye rangi ya kijivu iliyolowana.

Kuni: mti wa ghaf usikatwe, hata tawi. Ndio kivuli na malisho ya jangwa zima. Kuni nunueni mjini kabla ya kuingia.

#13 Msafiri_Wete

Mungu awalipeni. La mwisho: zawadi. Tumefikiria karafuu. Na fedha je, tunampa Bedui?

#14 Bi_Udi

Karafuu ni zawadi nzuri, wanatia kwenye kahawa na kwenye nyama ya shuwa, ile inayofukiwa shimoni siku nzima au mbili. Lakini msichukue za kwenye jamvi la kuanikia. Nunueni zilizofungwa dukani, na risiti, kwa sababu karafuu ghafi biashara yake iko kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na mzigo usio na karatasi utawasimamisha bandarini. Nusu kilo kwa nyumba moja inatosha. Ongezeni mdalasini. Matunda mabichi na nyama yaacheni nyumbani.

Mkifika Al Mintarib nunueni na vitu vya kula: mchele kilo tano, sukari, maboksi ya machungwa na ndizi. Mbali na mji matunda yanapendwa kuliko pipi.

Fedha: kama ni ziara iliyopangwa na kambi, bei ni ya kukubaliana kabla na analipwa aliyepanga, ulizeni kama nyumba yenyewe inapata sehemu. Kama ni mtu aliyewakaribisha tu njiani, fedha msimpe, mtamvunjia heshima mbele ya watoto wake. Zawadi iwekeni pembeni mnapoingia, msiitaje, na asipoifungua mbele yenu msishangae.

Mtakaa, mtakula sinia moja, kila mtu upande wake. Mwenyeji huenda asile nanyi, anawahudumia. Mwishoni utaletwa ubani au udi kwenye chetezo, kitazungushwa mtu kwa mtu. Jifukizeni, wanawake mitandio, wanaume kanzu na kofia. Wao wana neno: baada ya udi hakuna kukaa. Chetezo kikimaliza mzunguko, simameni, ombeni ruhusa. Atasema kaeni. Shukuruni, ombeni tena, na mtoke, pumzi ya udi bado iko kwenye nguo.